Nuru, Fedha na Dawa: Maelezo ya Kipimo Kimoja na ya Maneno Yanayokifaa

Makusudi ya makala hii ni mawili. La kwanza ni kueleza kwa Kiswahili jinsi chembe ndogo mno za fedha au za dhahabu zinavyoiwezesha nuru kutambua molekuli za dawa zilizo chache kiasi cha kutotambulika kwa nuru peke yake. La pili ni kuyachunguza maneno tuyatumiayo katika maelezo hayo, ili ionekane ni yapi yanayolichukua jambo sawasawa, na ni yapi yanayolipotosha. Mambo hayo mawili hayatenganiki. Mwanafizikia aweza kuandika hesabu zake kwa alama zisizo na lugha. Lakini mganga wa zahanati, anapomweleza mgonjwa jibu la kipimo, hana alama ila maneno. Neno likiwa bovu, kipimo kizuri huharibika pale pale kinapotolewa.

Mfano wetu utakuwa Lipangalala, kata mojawapo ya mji wa Ifakara, katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Ni nchi ya mto, ya mafuriko, ya mashamba ya mpunga, na kwa hiyo ya mbu. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara, ambako wamisionari Wakapuchini wa Uswisi walikuwa na kazi yao. Na mwaka 1957 taasisi ya magonjwa ya nchi za joto aliyoiongoza ikafungua maabara yake ya uwanjani hapo. Kutokana na maabara ile imekua Taasisi ya Afya Ifakara, iitwayo kwa jina hilo tangu mwaka 2008. Basi watu wa bonde hili wamekaa karibu na sayansi ya malaria kwa zaidi ya miaka 60. Wametoa damu yao, wamejibu maswali, na wamepewa majibu. Majibu hayo wameyapokea kwa Kiswahili.

Katika muda huo dawa zimebadilika. Klorokwini ilitumika nchini Tanzania kama dawa ya kwanza ya malaria hadi mwaka 2001, ilipowekwa mahali pake dawa ya SP, yaani sulfadoksini pamoja na pirimethamini. SP nayo ikadhoofika, na mwaka 2006 serikali ikakata shauri kutumia artemetha pamoja na lumefantrini, dawa ambayo watu wote huiita mseto. Kila badiliko kati ya hayo lilikuja kwa sababu vimelea vilijifunza kuistahimili dawa iliyotangulia. Wala hadithi haijaisha: mwaka 2024 ilichapishwa habari ya badiliko la jeni la vimelea, liitwalo R561H, lililokutwa kwa wingi katika mkoa wa Kagera, nalo ni badiliko linalohusiana na kuistahimili artemisinini kwa sehemu.

Sasa, kimelea hujifunza wapi kuistahimili dawa? Hujifunza zaidi pale kinapokutana na dawa haba: si nyingi ya kukiua, wala si kidogo ya kutokisumbua. Kwa sababu hiyo wataalamu hutaka kujua, si dawa aliyoandikiwa mgonjwa tu, bali dawa iliyomo katika damu yake hasa. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2009 ulitazama damu ya wagonjwa 148 wa malaria wa bonde la Kilombero kabla hawajaanza kutibiwa katika uchunguzi huo. Karibu robo tatu yao walikutwa tayari na mabaki ya dawa za malaria mwilini. Jambo hilo lina uzito wa namna mbili. Kwanza, anayetaka kujua nguvu ya dawa mpya hawezi kuyaamini matokeo yake ikiwa dawa ya zamani ingali imo. Pili, mabaki hayo ndiyo shule ya vimelea.

Lakini tazama namna ya kuyapata majibu hayo. Damu hukusanywa bondeni, hutengwa maji yake, hugandishwa, hulindwa isiyeyuke njiani, nayo hupimwa katika maabara ya nchi za mbali kwa mashine kubwa inayozichuja molekuli na kuzipima uzito, moja baada ya nyingine. Mashine hiyo ni sahihi sana. Hata hivyo ni ghali, yahitaji umeme usiokatika na fundi wa kuihudumia, na jibu lake hufika mgonjwa amekwisha pona au amekwisha zidiwa. Ndiyo maana watu wengi duniani wanatafuta njia nyingine, nyepesi na ya karibu. Mojawapo ya njia hizo ni hii tunayotaka kuieleza.

Tuanze na nuru yenyewe. Nuru ya rangi moja ikiangukia kitu, sehemu yake hutawanyika pande zote. Karibu yote hutawanyika na rangi ile ile iliyokuja nayo. Lakini mwaka 1928, mjini Calcutta, C. V. Raman pamoja na K. S. Krishnan walionyesha kwamba sehemu ndogo sana ya nuru hiyo hutoka na rangi iliyobadilika kidogo. Na kwa kazi hiyo Raman alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930. Sababu ya kubadilika ni hii. Molekuli si kitu kilichokaa kimya. Atomu zake zimeunganishwa kwa viungo vinavyonyumbuka, na viungo hivyo hutikisika daima, kila kimoja kwa kasi yake. Nuru ikipita huweza kuiachia molekuli kipande cha nishati kilicho sawa na mtikisiko mmojawapo. Na nuru iliyopungukiwa nishati husogea upande wa wekundu. Ukiipanga nuru hiyo kwa rangi zake, utaona mistari, na kila mstari ni mtikisiko mmoja wa molekuli ile. Mpangilio wa mistari hiyo huijulisha molekuli kama lafudhi imjulishavyo msemaji kwao. Klorokwini ina mistari yake, kwinini ina yake, wala moja haiwezi kujitia kuwa nyingine.

Hapana budi kuitofautisha kazi hii na nyingine iliyofanyika Ifakara kwenyewe. Watafiti wa hapo wametumia nuru ya infraredi, ile iliyo ng'ambo ya wekundu na isiyoonekana kwa macho, kutambua aina na umri wa mbu. Na mwaka 2019 walichapisha kazi iliyotumia nuru hiyo kutambua vimelea vya malaria katika madoa makavu ya damu ya watu 296 wa kusini-mashariki ya Tanzania, na kupata usahihi wa asilimia 92. Katika infraredi hutazamwa nuru iliyomezwa. Katika njia ya Raman hutazamwa nuru iliyotawanywa. Lakini asili yake ni moja: zote mbili husoma mitikisiko ya molekuli. Kwa hiyo wazo la kuiuliza nuru habari ya ugonjwa si geni bondeni.

Kasoro kubwa ya njia ya Raman ni udhaifu wake. Kwa makadirio, katika kila chembe za nuru milioni 10 zinazotawanyika, moja tu hivi hutoka na rangi iliyobadilika. Kwa kidonge kizima hilo si tatizo, maana molekuli ni nyingi mno, na viko vifaa vya kushikwa mkononi vinavyosoma kidonge hata kikiwa ndani ya karatasi yake angavu. Kwa damu ni tatizo. Tuchukue lumefantrini. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku 3, na kila kidonge kina miligramu 120 za dawa hiyo. Siku ya 7, kiasi kinachohesabiwa kuwa cha kutosha ni nanogramu 200 katika kila mililita ya damu. Katika kijiko cha chai cha mililita 5, hiyo ni mikrogramu 1 tu, yaani sehemu moja katika 120,000 ya kidonge kimoja. Sauti ya Raman ya kiasi hicho haisikiki.

Hapa ndipo metali inapoingia. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walizitazama molekuli za piridini zilizoshikamana na kipande cha fedha kilichokwaruzwa kwa umeme, wakapata mistari ya Raman yenye nguvu kuliko ilivyotazamiwa. Walidhani kwamba ukwaruzo umeuongeza uso wa metali, na hivyo molekuli nyingi zaidi zimepata mahali pa kukaa. Mwaka 1977 makundi mawili, la David Jeanmaire na Richard Van Duyne huko Marekani, na la Grant Albrecht na Alan Creighton huko Uingereza, yalipiga hesabu na kuonyesha kwamba dhana ile haitoshi. Nguvu ilikuwa imezidi mara 100,000 au zaidi, na uso haukuongezeka hata kidogo kwa kiasi hicho. Si kwamba molekuli zilikuwa nyingi. Ni kwamba kila molekuli ilikuwa imepazwa.

Ili tufahamu namna ya kupazwa huko, tumtazame mpiga zeze. Uzi wa zeze ukifungwa juu ya mti mtupu na kusuguliwa, sauti yake huishia karibu na mkono wa aupigaye. Kibuyu kikifungwa katika mti ule, wimbo ule ule husikika nyumba ya pili. Kibuyu hakikutunga wimbo, wala hakikuubadili. Kimeupokea mtikisiko wa uzi na kuusukuma nje kwa kifua kikubwa zaidi. Tena kibuyu hakiipokei kila sauti kwa usawa. Ukubwa wake huchagua.

Chembe ya fedha yenye upana wa nanometa 50 hivi ni kibuyu cha nuru. Nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta, na unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Ndani ya metali zimo elektroni zisizofungwa na atomu moja, nazo huweza kwenda huku na huku. Nuru, kwa kuwa ni mawimbi ya umeme na sumaku, huzisukuma elektroni hizo. Rangi ya nuru ikilingana na mwendo ambao elektroni za chembe ile hupenda kwenda, zote hutikisika pamoja kama watu wanaovuta kamba kwa mwito mmoja. Na mtikisiko huo wa pamoja wataalamu huuita plasmoni. Hapo uga wa umeme ulio jirani na uso wa chembe huwa mkubwa kupita ule wa nuru iliyokuja. Molekuli ya dawa iliyoshikamana na uso huo hupokea nuru iliyozidishwa. Na inapoitoa nuru yake iliyobadilika rangi, chembe huipokea tena na kuitoa nje kwa nguvu. Kupaza hutokea mara mbili, katika kuingia na katika kutoka. Kwa hiyo uga ukizidi mara 10 tu, nuru ingiayo huzidi mara 100, nayo itokayo huzidi mara 100, na jumla ni mara 10,000. Kati ya chembe mbili zilizokaribiana kwa nanometa moja hivi, mzidisho huwa mkubwa zaidi, hata mwaka 1997 ilitangazwa kwamba molekuli moja peke yake imeonekana.

Yafaa msomaji ajue kwamba chembe hizi amekwisha kuziona. Mwaka 1857 Michael Faraday, mjini London, alieleza kwamba maji mekundu aliyoyafanya yalikuwa na dhahabu iliyogawanyika vipande vidogo mno. Dhahabu ikigawanyika hivyo haina tena umanjano wake, bali huwa nyekundu kama divai, kwa sababu elektroni zake humeza nuru ya kijani. Mstari mwekundu unaotokea katika vipimo vingi vya haraka vya malaria, ambavyo leo hutumika zahanati kwa zahanati, ni chembe hizo hizo za dhahabu, zilizofungwa na kingamwili na kukusanyika mahali pamoja. Mama wa Lipangalala aliyeonyeshwa mstari ule amesoma jibu lililoandikwa kwa dhahabu.

Kufanya chembe za fedha si kazi kubwa. Kwa njia iliyochapishwa na P. C. Lee na Dan Meisel mwaka 1982, nitrati ya fedha huyeyushwa katika maji safi, huchemshwa, na kutiwa sitrati ya sodiamu. Baada ya muda maji hugeuka rangi ya manjano yenye ukungu, na chembe zimepatikana. Huongezwa dawa inayochunguzwa, kisha chumvi kidogo ili chembe zisogeleane na kuacha nyufa nyembamba baina yao. Tone moja huwekwa chini ya leza, na mistari husomwa. Kazi yote yaweza kuchukua dakika chache. Ugumu wake umo mahali pengine, nao ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni kwamba kupaza hakufiki mbali. Molekuli iliyo nanometa chache kutoka usoni haipazwi tena, kama vile uzi usiogusana na mti wa zeze hauna kibuyu. Kwa hiyo dawa hupazwa kwa kadiri inavyoshikamana na metali. Dawa zenye naitrojeni au salfa mahali panapofaa, na zenye pete za kaboni, kama klorokwini, kwinini na pirimethamini, zina njia ya kushikamana. Kwinini hupata faida ya ziada: yenyewe hung'aa sana ikipigwa na nuru, na mng'ao huo huifunika sauti ya Raman, lakini metali huuzima mng'ao kwa molekuli zilizoigusa. Artemisinini na jamaa zake, kinyume chake, hazina naitrojeni wala pete za namna hiyo, na kwa hiyo huishika metali kwa ulegevu. Katika mseto, basi, sehemu mbili za dawa moja hazisemi kwa sauti moja.

Wa pili ni damu yenyewe. Protini za damu hukimbilia uso wa chembe na kuufunika kabla dawa haijafika. Lumefantrini hupenda mafuta kuliko maji, ndiyo maana mgonjwa huambiwa aimeze pamoja na chakula chenye mafuta. Na katika damu karibu yote imeshikwa na protini. Haina budi kuvutwa kwanza kwa kiyeyushi kinachofaa, ndipo ikutanishwe na metali. Wa tatu ni kutofanana kwa mapishi. Chembe za leo si sawa kabisa na za jana, na nyufa zilizo baina yao hupangika ovyo. Kwa sababu hiyo ni rahisi kusema kwamba dawa imo kuliko kusema imo kiasi gani, isipokuwa kila sampuli iwekewe kitu cha kulinganishia kilicho na kiasi kinachojulikana.

Hayo ndiyo mambo. Sasa tuyatazame maneno, maana kila ugumu uliotajwa una neno linaloweza kuuficha.

Neno la kwanza ni mwanga. Mashuleni limekwisha shika mizizi kwa fizikia, wala hapana sababu ya kuling'oa huko. Lakini kamusi zetu zinalo neno jingine la umbo hilo hilo, mwanga wa ngeli ya watu, wingi wake wanga, naye ni mchawi. Upatanisho wa kitenzi huyatenga maneno hayo: mwanga umeonyesha, mwanga ameonyesha. Upatanisho wa kumilikisha hauyatengi: katika fungu la maneno kipimo cha mwanga hakuna silabi hata moja inayomwambia msikilizaji ni mwanga yupi. Pengine itasemwa kwamba huo ni wasiwasi wa wasomi. Katika Ifakara si hivyo. Mwaka 1998 Susanna Hausmann Muela, Joan Muela Ribera na Marcel Tanner walieleza, kutokana na utafiti wao katika eneo hilo, kwamba watu waliyakubali mafundisho ya hospitali juu ya mbu na vimelea, na papo hapo walishika kwamba uchawi waweza kuleta malaria ya uongo, au kuvificha vimelea hata darubini isivione. Panapo fikira hizo, kipimo kinachohusu kuonekana na kutoonekana hakifai kuitwa kwa neno lenye uso wa pili wa uchawi. Kwa matumizi ya zahanati napendekeza nuru. Ina heshima zaidi ya inavyohitajika, lakini haina mashaka.

Neno la pili ni kukuza. Mwenye kueleza kazi ya chembe za metali huvutwa kusema kwamba zinaikuza dawa au zinaikuza nuru. Neno hilo limezoeleka kwa hadubini, ambayo hukuza umbo: kitu kidogo huonekana kikubwa. Chembe za metali hazikuzi umbo la kitu chochote. Afadhali tungesema zinavumisha, kama ngoma ivumavyo; lakini kuvumisha kumekwisha karibiana mno na uvumi, na uvumi ni habari isiyo na hakika. Kiswahili kinalo tayari neno linalofaa, nalo ni kupaza. Apazaye sauti habadili maneno yake, wala haongezi mengine. Huyatoa kwa nguvu. Tumekwisha kuunda kipaza sauti kwa kitenzi hicho, na hakuna anayedhani kwamba chombo hicho kinatunga hotuba. Kwa mfano huo chembe ya fedha yaweza kuitwa kipaza nuru, tendo lake mpazo, na njia nzima spektroskopia ya Raman iliyopazwa na metali. Jina ni refu, lakini kila sehemu yake ina kazi. Tahadhari moja: fedha kwetu ni metali, tena ni pesa. Chembe za fedha katika sentensi isiyo na muktadha zaweza kudhaniwa senti. Kwa hiyo mara ya kwanza isemwe metali ya fedha.

Neno la tatu ni kupima, na hili ndilo lenye hatari zaidi kwa sababu ndilo la kawaida zaidi. Twapima malaria, na jibu ni ipo au haipo. Twapima uzito, na jibu ni hesabu. Kitenzi ni kimoja, kazi ni mbili. Mtu akiambiwa katika duka la dawa muhimu kwamba vidonge hivi vimepimwa, aelewe nini? Kifaa cha nuru cha kushikwa mkononi huweza kuonyesha kwamba kidonge kina dawa iliyotajwa. Si lazima kionyeshe kwamba kina kiasi kilichotajwa. Tofauti hiyo si ya nadharia. Uchunguzi wa maduka ya watu binafsi ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2015, uliopima sampuli zaidi ya 1,700 za dawa za malaria zenye artemisinini, haukukuta dawa bandia hata moja, lakini ulikuta kwamba zaidi ya moja katika kila kumi haikutimiza kiwango. Ingekuwa kupima ni kutambua tu, hizo zote zingepita. Na dawa pungufu, kama tulivyosema, ni shule ya vimelea. Yatupasa basi tuwe na vitenzi viwili: kutambua, kwa kujua ni dawa gani, na kukadiria, kwa kujua ni kiasi gani. Kupima kubaki kuwa neno la jumla, lisitumike peke yake katika jibu. Kadhalika bandia na duni zisichanganywe: bandia ni ile iliyofanywa kwa hila ijifanye nyingine, duni ni ile iliyofanywa kwa jina lake isifikie kiwango.

La nne si neno, ni kanusho. Kiswahili husema haipo, haimo, haionekani, haikuonekana. Kwa kipimo chochote chenye mpaka wa uwezo, na hiki tulichokieleza kina mipaka mingi, jibu la kukanusha huwa na maana moja tu: kama dawa imo, imo chini ya kiasi kadha. Sababu zaweza kuwa kwamba mgonjwa hakuimeza, au aliimeza bila chakula, au protini zimeufunika uso wa metali, au dawa yenyewe ni ya jamaa ya artemisinini isiyoishika metali vema. Mwuguzi akisema haimo, ameziruka sababu zote hizo na kuikamata ya kwanza. Na mzazi aliyekesha akimnywesha mtoto mseto kwa saa zilizoandikwa amegeuzwa mwongo mbele ya watu. Na katika mji ambao watu wameeleza kwamba kitu chaweza kuwamo mwilini kikafichwa kisionekane, mzazi huyo ana maelezo mengine tayari, nayo hayamrudishi zahanati.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba orodha za istilahi za vipimo zisitolewe kama orodha za majina matupu. Kila jina lifuatane na kitenzi chake, na kila kitenzi na sentensi mbili: ya kukubali na ya kukanusha, zilivyo hasa zitakavyotamkwa mbele ya mgonjwa. Kwa kipimo hiki zingekuwa hivi. Ya kukubali: "Dawa imetambuliwa katika damu, kiasi chake hakijakadiriwa." Ya kukanusha: "Dawa haikutambuliwa. Yaweza kuwa haimo, na yaweza kuwa imo kidogo kuliko kipimo hiki kinavyoweza kutambua. Tueleze jinsi ulivyoimeza." Sentensi ile ya mwisho ni sehemu ya istilahi kama zilivyo nyingine, maana ndiyo inayoufungua mlango ambao haimo huufunga.

Kazi ya kuzijaribu sentensi hizo si ya wanafizikia. Ni yetu, pamoja na wauguzi na wauza dawa wa mahali kama Lipangalala, ambako Kiswahili hukaa pamoja na Kimbunga, Kindamba na Kipogoro, na ambako neno lililokubaliwa mezani laweza kusikika vingine kabisa. Zipelekwe huko, zisomwe kwa sauti, na msikilizaji aulizwe amesikia nini. Zitakazorudi zimebadilika ndizo zichapishwe.